Laptopu haioni waifai: kabla ya kununua mazabodi, iulize yenyewe

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Hesabu zote za kikundi nazitunza kwenye laptopu ya HP niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ilijaa virusi, mpwa wangu akaniondolea Windows akaniwekea Ubuntu 22.04, kisha akarudi kwao Ukerewe. Tangu siku hiyo waifai hakuna. Nikifungua mipangilio inaandika 'No Wi-Fi Adapter Found', na taa ya kitufe cha waifai imebaki ya rangi ya machungwa. Fundi mmoja mjini ameniambia kadi imekufa, pengine na mazabodi, niandae shilingi 180,000. Mpwa wangu kwa simu akaniambia nifungue teminali niandike lspci -nnk. Nikaona maneno haya nikayanakili: 'Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]', na chini yake 'Kernel driver in use: bcma-pci-bridge'. Mtu mwingine akaniambia niandike sudo apt update, halafu sudo apt install firmware-b43-installer. Ya kwanza ikaleta 'Temporary failure resolving', ya pili 'Unable to locate package'. Sasa naogopa hata kugusa. Je, ni kweli imekufa? Na nikiendelea na hizi amri nitapoteza hesabu za watu?"*

Dada yangu, pole kwa mahangaiko. Nianze na jibu lenyewe. Kwa maelezo uliyoyaleta, mazabodi yako, yaani ubao mkuu wa mashine, haijafa, na kadi ya waifai inapata umeme na inajibu ikiitwa. Ushahidi umeunakili kwa mkono wako mwenyewe, uko katika ile mistari miwili ya teminali. Hizo 180,000 usizitoe bado. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu ya kuiendesha hiyo kadi, na draiva hiyo hailipiwi.

Lakini kabla ya waifai, tuzungumzie hesabu, maana nimeona ndizo zinazokunyima usingizi. Leo hii, kabla ya amri yoyote, chomeka flashi, fungua folda yenye hesabu za kikundi, ichukue yote uibandike kwenye flashi. Kisha fungua faili moja au mawili ukiwa kwenye flashi uhakikishe yanasomeka. Amri nitakazokupa hazigusi faili zako hata moja. Ila laptopu iliyotumika inaweza kufa siku yoyote kwa sababu isiyohusiana kabisa na waifai, na fedha za akina mama hazipaswi kukaa mahali pamoja. Ukimaliza, itoe flashi kwa utaratibu na uihifadhi nje ya mkoba wa laptopu.

Sasa hofu ya teminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri. Amri ziko za aina mbili, na ukijua kuzitenganisha utatulia. Amri kama lspci, lsusb, ip, lsmod na rfkill list, kama utakavyozitumia hapa, zinasoma tu. Unaiuliza mashine swali, inajibu, basi. Hata ukizirudia mara mia hakuna kinachobadilika. Amri inayoanza na sudo ni habari nyingine: hapo unaipa mashine ruhusa ya mkubwa, na inaweza kuongeza, kufuta au kubadilisha kitu cha mfumo. Kwa hiyo amri ya kusoma tu, isiyo na sudo na uliyoelezwa kazi yake, andika bila woga. Yenye sudo, usiiandike mpaka aliyekupa akueleze inafanya nini. Yule aliyekupa ya b43 hakukueleza, na nitakuonyesha hapo chini kwamba hata ingefaulu isingekusaidia.

Mambo mawili madogo huwasumbua wageni wote. Herufi ya kwanza ya lspci ni l ya "laptopu", si tarakimu 1, na Linux, familia ya mifumo ambayo Ubuntu imo, inatofautisha herufi kubwa na ndogo. La pili, baada ya sudo utaombwa neno la siri, na ukiandika hutaona herufi wala nyota yoyote. Haijakwama. Andika ukamilishe, ubonyeze Enter.

Tukiingia kwenye tatizo lenyewe: kusema "laptopu haioni waifai" hakutoshi, kwa sababu ndani ya laptopu kuna waangaliaji kadhaa, na kila mmoja huona kwa nafasi yake. Wa kwanza ni mazabodi na kiini cha mfumo, kinachoitwa kerneli, ambao wanauliza kama kuna kadi iliyochomekwa. Wa pili ni draiva, anayejua kuongea na kadi ya aina hiyo. Baadhi ya kadi zinahitaji pia programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe kila inapowashwa. Kisha kuna swichi za kuzima redio. Wa mwisho kabisa ni programu inayokuonyesha orodha ya mitandao pale juu kulia. Ule ujumbe wa "No Wi-Fi Adapter Found" unatoka kwa huyu wa mwisho. Yeye akikosa taarifa kutoka chini anasema hakuna kadi, hata kama kadi ipo na ni nzima. Fundi wako alimsikiliza huyu wa mwisho akatoa hukumu. Sisi tunaanza chini.

Laptopu inapowashwa, inapita kwenye kila sehemu ya njia inayoitwa PCI na kuuliza: nani yuko hapa? Kifaa kizima kinajibu kwa namba mbili, ya kampuni iliyokitengeneza na ya aina yake. Sehemu ikiwa tupu, au kadi ikiwa haijibu kabisa, namba inayosomeka ni ffff, na mashine inaelewa kwamba hapo hakuna mtu, kwa hiyo lspci haitaandika chochote. Yako imeandika 14e4:4365. Hiyo 14e4 ni Broadcom. Kadi za Intel husoma 8086, namba ya chipu yao mashuhuri ya mwaka 1978, na za Realtek husoma 10ec. Namba hizi mbili zichukulie kama namba ya usajili iliyopakwa ubavuni mwa mtumbwi: stika na jina la biashara vinaweza kupotosha, lakini namba inakuambia chombo ni kipi hasa. Ndiyo maana nawasisitizia watu waandike lspci pamoja na -nn, bila hiyo namba hazitoki.

Basi angalia maana yake. Ili namba hiyo ifike kwenye skrini yako, umeme umefika kwenye kadi, kadi imeamka, na njia kati yake na mazabodi imepitisha jibu. Mazabodi iliyokufa upande huo isingekupa mstari ule. Kwa haki niongeze kwamba mstari huo hauthibitishi kila kitu. Sehemu ya redio inaweza kuwa na hitilafu, au waya wa antena ukawa umechomoka. Lakini hitilafu za namna hiyo hujitokeza baadaye, kadi ikishapata draiva, na dalili yake huwa mtandao hafifu au orodha isiyo na mtandao wowote. Hatujafika huko.

Mstari wa pili ndio unaowachanganya hata watu wenye uzoefu. Umeandika "Kernel driver in use: bcma-pci-bridge". Mtu akisoma haraka anasema draiva si hiyo hapo, inatumika, basi kadi ndiyo mbovu. Hapana. Bcma ni mlango tu. Chipu za Broadcom zina njia yake ya ndani, na bcma kazi yake ni kufungua mlango huo, kutazama vipande vilivyomo, kisha kumwachia draiva mwingine aendeshe kipande cha redio. Ndani ya kerneli wapo wawili wa kazi hiyo kwa kadi za Broadcom za namna hii, b43 na brcmsmac, na wote wawili hawaijui BCM43142. Kwa hiyo mlango umefunguliwa, na hakuna aliyeingia. Ukitaka kuona kwa macho yako, andika:

sudo dmesg | grep -i bcma

Hii ina sudo, lakini inasoma kumbukumbu za kerneli tu. Utaona mstari unaosema imepata chipu yenye id 43142, na huenda ukaona malalamiko kuhusu SPROM (kumbukumbu ndogo ya ndani ya kadi) isiyofahamika. Huyo ni bcma akisema kwa lugha yake kwamba ameikuta chipu lakini hajui cha kufanya nayo.

Draiva anayeiweza kadi hii anaitwa wl, na ametengenezwa na Broadcom wenyewe. Sehemu yake kubwa ni ya siri, hawakuitoa wazi kama zilivyo draiva nyingi za Linux, kwa hiyo Ubuntu haiiweki mpaka mwenye mashine akubali. Wakati wa kuweka Ubuntu kuna kisanduku cha kuweka tiki kinachouliza kama unataka programu za watu wengine kwa ajili ya waifai na picha. Naamini mpwa wako alikipita bila tiki. Wengi hukipita, usimlaumu. Na ile firmware-b43-installer ni ya kadi nyingine za Broadcom zinazoendeshwa na b43. Inatajwa kila mahali kwa sababu watu huona neno Broadcom wakaishia hapo, hawasomi namba.

Tuje kwenye "Temporary failure resolving". Nimeona umeihesabu kama dalili nyingine ya ubovu, kumbe ni ujumbe wa kawaida kabisa. Mashine ilitaka kutafuta anwani ya hifadhi ya Ubuntu kwenye intaneti, ikashindwa kwa kuwa haina intaneti. Na "Unable to locate package" imefuata kwa sababu hiyo hiyo, orodha ya programu haikushuka. Unahitaji mtandao ili upate kitu cha kuleta mtandao. Fundo hilo linafunguliwa kwa simu yako.

Chukua simu yoyote ya Android yenye bando, uichomeke kwenye laptopu kwa waya wa USB. Waya uwe ule unaopitisha data. Kuna nyaya za bei rahisi zinazochaji tu, na nyingi mno zinauzwa mitaani kwetu. Ukichomeka na simu ikaonyesha inachaji lakini haikupi chaguo lolote la USB, badilisha waya kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Kisha kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hotispoti, washa "USB tethering". Kabla ya kuwasha andika kwenye teminali:

ip -br link

Utaona lo, ambayo ni ya mashine kujisemesha yenyewe, na huenda jina linaloanza na en, hilo ni tundu la waya wa mtandao. Washa tethering, rudia amri. Kutakuwa na jina jipya, usb0 au refu linaloanza na enx. Hiyo ndiyo simu yako, laptopu imeiona kama waya wa mtandao, na Ubuntu itaanza kuitumia yenyewe bila kuuliza. Napenda uifanye hatua hii taratibu, kabla na baada, kwa sababu hapa unaona kwa vitendo jinsi kifaa kinavyotokea pale kinapokuwa na draiva.

Soma kwanza maelezo ya Secure Boot yaliyo hapo chini, kisha andika, moja baada ya nyingine:

sudo apt update

sudo apt install bcmwl-kernel-source

Ya kwanza inashusha orodha mpya ya programu. Ya pili inaleta draiva wl na vifaa vya kuijenga, na kabla ya kuanza itakuambia itashusha kiasi gani na kuuliza kama uendelee. Soma kiasi hicho, linganisha na bando lako, kisha bonyeza Y. Vifaa vya kujengea ndivyo vinavyokula, draiva yenyewe ni ndogo. Itachukua muda ikiandika mistari mingi, kwa sababu draiva inajengwa upya hapo hapo ilingane na kerneli yako. Usizime. Umeme wa mtaani usiwe unayumba, na betri iwe na chaji. Ikimaliza chomoa simu, maana Ubuntu ikiachwa kwenye mtandao huweza kuanza kushusha masasisho mengine na kulimaliza bando.

Hapa kuna hatua inayowaangusha watu wengi kuliko zote, nisikilize vizuri. Laptopu nyingi za miaka hii zina ulinzi uitwao Secure Boot, unaokataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika. Draiva uliyoijenga nyumbani haina sahihi ya kiwandani, kwa hiyo Ubuntu inatengeneza ya kwako. Kujua kama unahusika, andika:

mokutil --sb-state

Ikijibu "SecureBoot enabled", unahusika. Wakati wa kuweka draiva itakuomba utunge neno la siri jipya. Tunga fupi utakalokumbuka, uliandike kwenye karatasi, utalitumia mara moja tu. Ukiwasha upya laptopu, kabla ya Ubuntu kuja, itatokea skrini ya buluu yenye maneno "Perform MOK management". Hiyo skrini haisubiri. Inakupa sekunde chache ubonyeze kitufe chochote, la sivyo inapita na Ubuntu inawaka kama kawaida. Mtu aliyekwenda kuchota maji wakati mashine inawaka anairudia akiikuta imeshawaka, waifai hakuna, anaamini draiva imeshindwa. Kaa mbele yake. Bonyeza kitufe, chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", andika lile neno la siri, na mwisho "Reboot". Ukiona skrini ya buluu usidhani mashine imeharibika, ndiyo unayoitaka.

Ikikupita, hairudi yenyewe. Unaiomba upya kwa sudo update-secureboot-policy --enroll-key, halafu unawasha upya. Dalili kwamba ilikupita ni hii: ukiandika sudo modprobe wl inakujibu "Key was rejected by service", au kwenye kerneli za zamani "Required key not available". Kuna watakaokushauri uzime Secure Boot kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Ubuntu kuwaka, umalize. Inafanya kazi, na si dhambi, lakini umeondoa ulinzi kwa ajili ya kuokoa dakika tano. Mimi ningeisajili ile sahihi.

Ikishawaka, hakikisha kwa amri hii fupi, inayoonyesha vifaa vya Broadcom peke yake:

lspci -nnk -d 14e4:

Pale palipokuwa na bcma-pci-bridge sasa paandike wl. Kwenye ip -br link kutakuwa na jina linaloanza na wl, na mitandao itaanza kuonekana juu kulia. Kuhusu taa ya machungwa, kwenye HP mara nyingi hubaki hivyo draiva anapokosekana, kwa sababu hakuna wa kuigeuza, kwa hiyo usiitumie kama kipimo cha uzima wa kadi. Ikiwa draiva ameshaingia na taa bado ya machungwa, andika rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes", ifungue kwa rfkill unblock all. Ukiona "Hard blocked: yes", imezimwa kwa kitufe au kwenye BIOS, bonyeza kile kitufe chenye alama ya antena kisha uangalie tena.

Jambo moja la kujua mapema ili usirudi kwa fundi bure: kadi hii inasoma mawimbi ya 2.4 GHz tu. Ikiona mitandao ya majirani lakini isione hotispoti ya simu yako, huenda simu inarusha 5 GHz. Kwenye mipangilio ya hotispoti badilisha iwe 2.4 GHz, na aina ya ulinzi iwe WPA2, maana draiva hii ni ya kabla ya WPA3.

Na hapa niwe mkweli kuhusu draiva yenyewe. Toleo la mwisho Broadcom walilolitoa, 6.30.223.271, ni la mwaka 2015. Tangu hapo wanaolifanya liendelee kuishi ni watu wa Ubuntu na Debian wanaolitia viraka kila kerneli inapobadilika. Kwa hiyo siku moja, baada ya sasisho, waifai inaweza kutoweka tena. Ikitokea, usianze upya yote haya. Washa upya, kwenye orodha ya mwanzo chagua "Advanced options for Ubuntu", ingia kwa kerneli ya nyuma yake, waifai itakuwepo. Orodha isipojitokeza, bonyeza Esc mara moja tu nembo ya HP ikishatoweka. Kisha andika dkms status uone draiva imejengwa kwa kerneli zipi.

Ukichoka na hilo, kuna adapta ndogo ya waifai ya USB. Kwa mtu mwenye kazi ya watu mikononi, mimi naiona kuwa njia nzuri kuliko kubadilisha kadi ya ndani. Tafuta yenye chipu ambayo kerneli inaijua tayari, kama Atheros AR9271 au MediaTek MT7601U. Shida ni kwamba boksi haliandiki chipu, na jina la bidhaa halitoshi: TL-WN722N ya toleo la kwanza ina AR9271, toleo la pili likaja na chipu ya Realtek chini ya jina lile lile. Kwa hiyo nenda dukani na laptopu. Muombe muuzaji uchomeke kabla ya kulipa, andika lsusb usome namba, kisha ip -br link. Jina jipya linaloanza na wl likitokea hapo hapo bila kuweka chochote, lipa. Lisipotokea, mrudishie kwa shukrani.

Kubadilisha kadi ya ndani kunawezekana, ila uwe na tahadhari. Laptopu kadhaa za HP za zamani hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao, zinasimama na ujumbe unaoanza na 104-Unsupported wireless network device detected. Lenovo za zamani zina kizuizi kama hicho. Fundi akikupendekezea kadi nyingine, makubaliano yawe kwamba analipwa ikishawaka na kushika mtandao mbele yako. Kurudi Windows ni chaguo halali pia kama programu ya hesabu inakudai hivyo, lakini usirudi kwa sababu ya waifai peke yake.

Kwa wengine mtakaosoma hapa, ambao lspci -nnk haionyeshi mstari wowote wa "Network controller", hali yenu ni tofauti na ya dada huyu. Jaribuni lsusb kwanza, baadhi ya kadi huunganishwa kwa njia ya USB. Ikiwa napo hakuna, zima laptopu kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, rudisha, uwashe. Mwenye Windows na Linux pamoja azime "Fast Startup" upande wa Windows, kwa sababu hiyo huacha vifaa vikiwa nusu usingizi. Angalia pia BIOS, kwenye HP ni Esc kisha F10, kama waifai haijazimwa hapo. Yote yakishindwa ndipo kadi inachomolewa, meno yake yanasafishwa kwa spiriti safi, na kurudishwa hadi ikae sawa. Laptopu inayofanya kazi jirani na magunia ya dagaa huvuta mchanga na vumbi, kwa hiyo usafi huo si kazi bure.

Fundi wa ana kwa ana unamhitaji hapo pa kufungua, kama hujawahi kushika bisibisi ndogo. Nyaya za antena ni nyembamba na vichwa vyake huvunjika kirahisi. Unamhitaji pia kama laptopu ilimwagikiwa maji, inanuka kuungua, inajizima, au mstari wa kadi unatokea leo kesho unapotea, maana hapo tatizo ni la mguso au la umeme na amri haziwezi kulitibu. Kabla ya kumkabidhi, mwambie kwa maneno wazi asifomati, na umuombe akuonyeshe kwenye lspci kile anachosema kimekufa. Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa hivyo.

Na kwako, dada, ikiwa umefuata yote na waifai bado haiji, usiendelee kubandika amri za kila anayejitokeza. Kusanya majibu ya mashine kwenye faili moja:

(uname -r; mokutil --sb-state; lspci -nnk; rfkill list; dkms status; sudo dmesg | grep -iE 'bcma|wl|firmware') > ~/waifai.txt 2>&1

Mabano na nukta mkato viandikwe kama vilivyo. Neno la siri likiombwa, andika kama kawaida. Faili waifai.txt litakaa kwenye folda yako ya nyumbani. Liweke kwenye flashi, mtumie mpwa wako Ukerewe kwa simu, au mpe fundi utakayemwendea, aanze kwa kulisoma hilo kabla hajagusa bisibisi.